Uzi wa kikundi upimwe kwa mizani

Swali la wiki lilikuwa hili: vikundi vya kina mama vya kufuma vinaanzishwa kila leo, mbona vingi havifiki mwaka wa pili, na vinavyodumu vinafanya nini? Naandika kutoka nyanda za juu kusini, upande wa Njombe na Makete, ambako ikifika Juni sweta si pambo. Mafundi huku hawakosekani. Uzi ndio unaokosekana. Uzi ukikatika majuma mawili, watu wanakuja kupiga soga mikono mitupu, na juma la tatu hawaji.

Bei inalaumiwa bure. Vikundi vingi ni VICOBA kwanza, yaani vya kuweka na kukopeshana, kufuma baadaye, na fedha zote zinakaa kwenye sanduku moja lenye kufuli tatu. Januari inaingia na madaftari na sare za shule, watu wanakopa, sanduku linabaki tupu, na anayetakiwa kwenda dukani hana cha kwendea. Kwa hiyo katiba ya kikundi iseme wazi kwamba fedha za uzi hazikopeshwi, hata kwa mwenyekiti, hata kwa siku mbili. Mtunza uzi awe mtu mwingine, si mweka hazina. Hisa, mfuko wa jamii wa misiba na wagonjwa, na faini za kuchelewa viendelee sandukuni kama kawaida.

Mtunza uzi anahitaji vitu viwili: daftari, na mizani ndogo ya jikoni ya kidijitali inayosoma gramu moja moja. Kila donge lipimwe linapofika, kwa sababu lililoandikwa gramu 100 linaweza kuwa pungufu, na hilo linasemewa dukani siku hiyo hiyo. Uzi ukitoka kwenda kwa mwanachama unaandikwa jina, rangi, namba ya bechi (mkupuo mmoja wa kutiwa rangi kiwandani) na gramu. Kazi ikirudi, inawekwa kwenye mizani pamoja na mabaki. Tofauti ya gramu mbili tatu ni vipande vya kukata ncha. Tofauti ya gramu 15 ni kofia ya mtu. Mizani inaondoa maneno: hakuna anayemshuku mwenzake, na hakuna anayelazimika kujitetea. Nimeona kikundi chenye risala nzuri kikivunjika kwa sababu ya donge moja la uzi mwekundu ambalo hakuna aliyejua lilikokwenda.

Bechi nayo isipuuzwe. Madonge mawili ya rangi ya bluu kutoka bechi tofauti yanafanana kabisa chini ya taa ya dukani, halafu sweta ikitoka juani inaonyesha mstari kifuani kana kwamba imeungwa. Nunua wa kutosha kumaliza kazi yote mara moja. Ukikwama, fuma safu mbili kutoka donge la kwanza na mbili kutoka la pili, kwa zamu, kwenye eneo lote la makutano. Tofauti inapotea machoni.

Sasa siku yenyewe ya kukutana. Saa nane mchana hadi kumi na moja inafaa, maana mwanga bado upo. Uzi mweusi na wa bluu iliyokolea haufumwi kwa taa hafifu. Kosa halionekani mpaka kesho yake. Wanaoanza wakae karibu na dirisha, ubavuni mwa fundi, wasimkabili. Anayetazama kutoka mbele anaiona mikono imegeuzwa, wa kulia unakuwa wa kushoto. Fundi mmoja asipewe wanafunzi zaidi ya wanne.

Porojo zina nafasi yake, tena kubwa, kwani wengi wanakuja kwa ajili yake na hakuna ubaya. Lakini mazungumzo na hesabu havikai pamoja. Kazi ya kuanzisha vitanzi, kugawa maua au kupunguza ifanyike nusu saa ya kwanza watu wakiwa kimya, kisha chai iletwe, kila mtu aingie kwenye sehemu ya kufuma mfululizo ambayo mkono unaijua wenyewe. Hapo ndipo habari za mjini zinasimuliwa, mgonjwa anatajwa, zamu za kwenda kumwona zinapangwa. Vitambaa vya meza vya kroshia vyenye michoro ya nanasi na feni havifai kwa kikao. Vinahitaji kuhesabu mwanzo hadi mwisho. Vibaki nyumbani. Na maandazi yaliwe kabla ya kushika uzi mweupe, jamani.

Mradi wa kwanza wa kikundi kipya uwe mdogo, wa kumalizika kwa vikao viwili, wenye mahali pa kwenda. Wangu ungekuwa kofia za watoto njiti, yaani waliozaliwa kabla ya wakati. Kichwa cha mtoto mchanga ni sehemu kubwa ya mwili wake, na njiti hana mafuta ya kutosha chini ya ngozi, hivyo joto linamtoka upesi. Katika huduma ya kangaruu, iliyoanzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, mtoto anakaa kifuani mwa mama ngozi kwa ngozi, akiwa na nepi, soksi na kofia. Kofia hiyo ndiyo tunayoizungumzia, na kila kanuni yake inatokana na mkao huo.

Kabla ya kununua chochote, nenda ukaonane na muuguzi anayesimamia wodi ya watoto wachanga. Uliza saizi wanazokosa, idadi, na jinsi wodi inavyofua. Jibu la mwisho ndilo linalochagua uzi. Sufu halisi ina joto zuri, ila ikifuliwa kwa maji ya moto na kusuguliwa inajikunja na kuwa ngumu, isirudi tena. Pamba ni laini lakini inanyonya maji na haikauki upesi kwenye baridi yetu, tena inalegea. Akriliki laini ya watoto ndiyo inayovumilia. Adui yake ni pasi: ukiipitishia pasi ya moto, uzi unalegea, mvutano wote unakufa, na kofia inakuwa kitambaa tu. Fua kwa sabuni isiyo kali, suuza vizuri, anika kwenye kamba juani mpaka ikauke kabisa. Isitandazwe kwenye majani, maana kuna inzi wanaotaga kwenye nguo mbichi na hapa huna pasi ya kuua mayai.

Kipimo kwanza. Kwa uzi wa unene wa kati na sindano za milimita 4, fuma kipande cha vitanzi 28 kwa safu 36, kilaze mezani bila kukivuta, kisha hesabu katikati: sentimita 10 ziwe na vitanzi 22. Ukipata 24 unakaza, panda sindano ya 4.5. Ukipata 20 unalegeza, shuka hadi 3.5 au 3.75. Hatua hii ndiyo inayorukwa, na gharama yake inahesabika. Vitanzi 72 kwa anayekaza vinatoa kofia ya sentimita 30. Kwa anayelegeza, sentimita 36. Muundo mmoja, uzi mmoja, watoto wawili tofauti. Hapa pia ndipo spoki za baiskeli zinapotuangusha. Zinafuma, tena bure, lakini spoki ya kawaida ina unene wa milimita 2 tu, na kofia inatoka nzito kama mkeka. Mianzi iliyochongwa, ikapigwa msasa na kupakwa nta ya mshumaa, inashinda. Fundi wa gereji mwenye kipimo cha unene atakuambia kama umefika milimita 4.

Kwa mtoto aliyetimiza miezi, kichwa cha sentimita 33 hadi 36, anzisha vitanzi 74. Kwa njiti mwenye kichwa cha sentimita 28 hadi 30, anzisha 58. Viwili katika hesabu hizo ni vya mshono wa nyuma. Anzisha juu ya sindano mbili zilizoshikwa pamoja, kisha chomoa moja. Ukianzisha kwa moja ukingo unakaza na kuacha alama kwenye paji la uso. Fuma lastiki, ule ukingo unaovutika, ya vitanzi viwili mbele, viwili nyuma, kwa safu 8, ukianza na kumaliza kwa viwili vya mbele. Ndiyo sababu ya vile viwili vya ziada: mshono utakula kimoja kila upande, na lastiki itaungana bila kuonyesha kiungo. Endelea mbele safu moja, nyuma safu moja, mpaka kazi ifike sentimita 10 toka ukingoni kwa kofia kubwa, sentimita 8 kwa ndogo.

Kisha kupunguza, upande wa mbele pekee. Acha kitanzi kimoja cha pembeni, halafu rudia: fuma 6, funga viwili kuwa kimoja, mpaka kibaki kitanzi kimoja cha mwisho. Safu inayofuata ya mbele fuma 5 na kufunga, kisha 4, 3, 2, 1, na mwisho funga viwili viwili tu. Safu za nyuma kati yake zinafumwa bila kupunguza. Kofia kubwa inapoteza vitanzi 9 kila safu ya kupunguza na kubaki na 11. Ndogo inapoteza 7 na kubaki na 9. Kata uzi ukiacha sentimita 40, pitisha kwenye vitanzi vilivyobaki, vuta, kaza, pitisha mara ya pili, shuka ukishona nyuma kwa kufuata ngazi iliyo kati ya kitanzi cha pembeni na cha pili. Mshono huo unalala bapa. Ule wa kuzungusha ukingoni unatengeneza uvimbe, na mtoto aliyelazwa shavu kifuani anaulalia.

Hesabu isipokaa sawa, kosa karibu kila mara liko mwanzoni mwa safu. Uzi ukipitishwa juu ya sindano badala ya kuushusha mbele au nyuma yake, kitanzi cha kwanza kinajitokeza kama viwili, na mtu anavifuma vyote. Baada ya safu nane kofia ina mabega. Anayeanza ahesabu kila safu ya nne.

Vifungo, utepe na vishada juu ya kofia havitakiwi, hata kama vinapendeza; mtoto hawezi kuvilalia na vinaweza kung'oka. Matundu ya urembo yanatoa joto. Ncha za uzi ndani zifichwe kwa sentimita 5 zikienda na kurudi, na kwa soksi hilo ni la lazima zaidi: uzi uliolegea unaweza kuzunguka kidole cha mtoto na kukinyima damu. Kofia kubwa inakula gramu 20 hadi 25, ndogo kama 15. Kofia 60, nusu kwa nusu, ziko karibu gramu 1,200. Nunua madonge 14 ya gramu 100 na utabaki na akiba ya kipimo na makosa. Lastiki ya kofia ndogo zote iwe ya rangi moja, tuseme nyeupe, na ya kubwa njano. Muuguzi anachagua saizi usiku bila kufunua lundo zima. Mkilenga Siku ya Mtoto Njiti, Novemba 17, uzi uwe umenunuliwa Agosti.

Fedha zinatoka kwingine, kwenye sweta za shule. Hapo sina mengi: pata oda kwa maandishi yenye rangi na saizi, chukua nusu ya malipo kabla ya kununua uzi, na upange bei kwa gramu na saa za kazi, si kwa kumtazama jirani anauzaje. Sweta ya mwanafunzi wa msingi inachukua gramu 250 hadi 350. Kwa mkono hiyo ni kazi ya majuma, kwa hiyo kikundi chenye oda kubwa kitafikiria mashine, na ile mikopo isiyo na riba inayotokana na mapato ya ndani ya halmashauri, asilimia 4 ya mapato hayo kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa watu wenye ulemavu, inaombwa kwa ajili hiyo. Anzeni kwa Afisa Maendeleo ya Jamii wa kata, kikundi kikiwa kimesajiliwa na daftari la uzi likiwa mkononi.

Mashine nyingi zinazouzwa ni za mkono, zilizotumika, zenye sindano 200 kwenye kitanda kimoja, yaani safu moja ya sindano. Msilipe kabla ya kuchomoa ule ukanda mrefu unaopita juu ya sindano na kuangalia sponji yake. Ikiwa imelala bapa au imegeuka gundi nyeusi, sindano zinainuka, vitanzi vinaanguka, na gari la kufumia, lile linalosukumwa juu ya sindano, linagonga na kuzipinda. Sponji laini iliyokatwa kwa upana uleule inabadilishwa kwa dakika chache, ila muuzaji asikutoze kana kwamba ni nzima. Gusa ulimi wa kila sindano kwa kidole, uone unafunguka na kufunga bila kusita. Pitisha gari bila uzi mwanzo hadi mwisho. Mafuta yawe ya cherehani. Ya kupikia yanaganda. Chukua sindano za akiba kumi za mashine ile ile, kwa sababu za aina moja haziingii kwenye nyingine.

Na mjue kwamba mashine ya kitanda kimoja haifumi lastiki. Inatoa mwili na mikono, kisha kiuno, vifundo, kola na kuunganisha vinarudi kwenye mikeka, kwa kina mama wenye sindano zao na chai.