Wadogo zangu wa breki, hesabuni kona kwanza

Jamani wadogo zangu wa bobsledi, hii sledi ya kushuka traki ya barafu, mvuta breki ameinama haoni kitu, kwa kuhesabu kona ndo anajua mstari umevukwa avute. Juzi nimekaa pale chini mwisho wa traki nawaangalia mnavyoshuka, mmoja akatoka kwenye sledi anacheka, helmeti imekaa upande, ananiuliza "kaka, hivi zilikuwa kona ngapi?" Nikanyamaza, maana ningefungua mdomo ningetukana. Basi naandika hapa. Mkinuna, sawa tu.

1. Spaiki, hivyo viatu vya misumari, zipigeni brashi kabla hamjagusa sledi. Kokoto moja humo ndani na fundi anawachukia msimu mzima.

2. Vyuma vya chini ya sledi, vile vya kuteleza, msiviweke karibu na hita ya gari. Pale juu tunapoanzia vinapimwa joto, vikizidi chuma cha mfano cha waamuzi kwa zaidi ya nyuzi 4 mmeondolewa. Na uzito ndo hivyohivyo, sledi ya wanaume wanne pamoja na nyie wenyewe ni mwisho kilo 630, kwa hiyo yule wa mikate minne asubuhi ya mashindano anajijua.

3. Kuhesabu kona. Hapa nakaa kidogo.

Mimi nimetokea mbio za mita 100 kama wengi wenu, na kwenye zile mita 50 za kusukuma nilikuwa moto kweli, nikajiona nimefika. Nilidhani nikisharuka ndani kazi yangu imeisha, nainamisha kichwa, dereva ahangaike mwenyewe. Siku za kutembea traki kwa miguu kuzisoma kona naenda nina muziki masikioni, wenzangu wanapapasa barafu mimi natingisha kichwa.

Sasa mashindano, uwanja siutaji, raundi ya mwisho, tuko wa nne na nafasi ya tatu tunaiona hii hapa. Kichwa kiko magotini, ninachoona ni kiatu changu tu. Nahesabu: tisa, kumi, kumi na moja. Tukagonga ukuta, bega likapiga chuma nikausikia mpaka kwenye meno, na mimi ule mgongano nikauhesabu kona. Tukarudi tukagonga upande wa pili, nikahesabu tena. Tunatoka kona ya 14, kichwani kwangu ni 16, pakawa kimya kidogo, nikajua tumevuka. Nikavuta breki kwa mikono miwili kama mtu anang'oa muhogo.

Yale meno ya breki yaling'ata barafu kwa mlio ambao mpaka leo nikisikia mtu anaburuta kiti nashtuka. Dereva akapiga kelele neno moja, siliandiki. Mstari tuliuvuka kama mkokoteni wa maji. Halafu aibu yenyewe sasa: watu wa traki wakaja na theluji na ndoo za maji kuziba mfereji niliouchimba, huku timu zilizobaki zimesimama juu misuli inapoa, na kila mtu anajua ni nani. Nilijificha nyuma ya lori nikajifanya nafungua spaiki, nusu saa nzima, viatu viwili.

Dereva hakunisemesha mpaka jioni. Akanisogezea sahani ya viazi, akasema "kesho tunatembea." Tulitembea mara nne. Usiku chumbani akanifunga macho kwa skafu, akanikalisha kitini nitaje kona moja moja huku nalala nayo kushoto, kulia, na nikikosea tunarudi juu kabisa. Mwenzetu wa chumba alihama.

4. Macho si kitu. Steven Holcomb, yule dereva wa bobsledi Mmarekani wa Park City, alikuwa na ugonjwa wa konea, kile kioo cha mbele ya jicho, macho yanakwisha na watu hawajui, anaisikia njia kwa mgongo na mikono. Baadaye akawekewa lenzi ndani ya macho, akaona vizuri, na kule kuona kukamvuruga! Ikabidi avae helmeti yenye kioo kilichochubuka ili apunguze. 2009 bingwa wa dunia Lake Placid, 2010 dhahabu ya Olimpiki ya sledi ya wanne pale Whistler, Kanada, Marekani hawakuwa wameipata tangu 1948. Ile kona ya 13 ya Whistler, 50-50, jina alilitoa yeye, maana ama unatoka ama unapinduka. Nyie mna macho mazima, mnayatumia kuangalia simu.

5. Ukilemewa, sema. Huyohuyo Holcomb alikuja kueleza wazi kwamba kipindi kile cha macho alizama kwenye huzuni mpaka akajaribu kujiua, na timu hawakujua. Alifariki 2017, miaka 37, akiwa na shaba mbili za Olimpiki ya Sochi, 2014. Zikapandishwa kuwa fedha baada ya Warusi kufutwa kwa madawa, mwenyewe hayupo. Mlango wangu mnaujua, hata saa nane usiku gongeni.

6. Kesho saa moja asubuhi tunatembea, simu zibaki kwenye gari. Na aliyechukua skafu yangu ya kijani airudishe, ina kazi usiku.