Usiitetee hoja ya wanawake kwa neno "mtu"

Ondoa ukurasa wa kwanza wa hiyo mada yako ya kutetea wanawake kuwa viongozi wa kanisa kabla hujaipeleka mbele ya wazee wa kanisa. Umeandika kwamba 1 Timotheo 3:1 inasema "Mtu akitaka kazi ya askofu", haisemi "mwanamume", kwa hiyo mlango wa wanawake uko wazi. Niliwahi kusimama na hoja hiyohiyo nikaambiwa nisome mstari wa pili kwa sauti: "mume wa mke mmoja". Baada ya hapo hata hoja zilizokuwa na uzito hazikusikilizwa.

Inauma kwa sababu hoja yenyewe ina nusu ya ukweli. Kiyunani cha 3:1 kina "tis", maana yake mtu yeyote, na viwakilishi vya kiume vilivyojaa hapo katika tafsiri nyingi za Kiingereza vimeongezwa na watafsiri. Lakini wewe hukuiona "tis". Uliona "mtu", na "mtu" ya Kiswahili haithibitishi chochote. Fungua Yakobo 1:12: "Heri mtu astahimiliye majaribu." Kiyunani chake ni "anēr", neno la mwanamume kabisa. Zaburi 1:1 nayo ni "Heri mtu", na Kiebrania chake ni "ish", mwanamume. Lugha yetu haibagui jinsia kwenye "mtu", "yeye", "ndugu" wala kwenye kiambishi "a-". Ukimya wa Kiswahili usiufanye ushuhuda wa Paulo.

Na wanaosambaza zile makala kwenye vikundi waache! Wanachukua ugomvi wa Kiingereza kuhusu jinsia katika tafsiri za Biblia, yaani tafsiri ya NRSV ya 1989, miongozo ya watafsiri ya Colorado Springs ya 1997, tafsiri ya NIV ya 2011, wanautafsiri mzimamzima na kutuambia "angalia Biblia yako ilivyowafuta akina dada". Sehemu kubwa ya ugomvi ule ni kama "adelphoi" iwe ndugu wa kiume peke yao au wa kike pia. Sisi tunasoma "ndugu" na wote wamo. Kidonda chetu kiko kwingine, na hakuna aliyetuonyesha.

Kwa hiyo shika kanuni moja: kila neno unaloliegemea, andika pembeni Kiyunani chake na namba yake ya Strong, ile ambayo kamusi ya Strong imelipa kila neno la asili la Biblia, kisha ulifuate kila linapotokea, hasa linapomhusu mwanamume. Biblia za mistari sambamba zenye namba hizo zipo bure kwenye intaneti.

Jaribu Waefeso katika Biblia ya Union. 5:21 ni "mnanyenyekeana". 5:22 wake wanaambiwa "watiini waume zenu". 6:1 watoto wanaambiwa "watiini wazazi wenu". Msomaji anaona mke na mtoto wamepewa amri moja, na kunyenyekeana ni jambo jingine la watu wote. Sasa weka namba. 5:21 ni "hypotassō", kujiweka chini ya mwingine, 5293. 6:1 ni "hypakouō", kutii, 5219. Na 5:22, katika papiri P46 na nakala ya Vatikano, nakala za kale sana zilizoandikwa kwa mkono, haina kitenzi kabisa. Inaning'inia kwenye kitenzi cha 5:21. Yaani Kiswahili kimetenganisha kilichokuwa kimoja na kuunganisha vilivyokuwa viwili. Chapa yako ikiwa na kichwa cha habari katikati ya 21 na 22, uhusiano huo ndio umekatwa kabisa.

Usikimbilie kushangilia lakini. Wakolosai 3:18 ina "hypotassō" wazi kwa wake, na 1 Petro 3:6 inamtaja Sara kwa "hypakouō" ileile ya watoto. Ukidai "hypakouō" haitumiki kamwe kwa mke, mzee mmoja atafungua Petro na utakaa chini. Yaandike yote mawili wewe mwenyewe, kabla hujaulizwa.

Fibi, dada ambaye Paulo anamtambulisha kwa Warumi, umemgusa kwa mistari miwili tu, na yeye ndiye aliyestahili ukurasa wa kwanza. Warumi 16:1 anaitwa "mhudumu", Wafilipi 1:1 wanaitwa "mashemasi", na Kiyunani ni "diakonos" kote, 1249. Hapo napo usiwashtaki watafsiri kwa pupa: Tikiko ni "mhudumu" katika Waefeso 6:21, na Kristo mwenyewe katika Warumi 15:8. Uzito uko kwenye maneno yanayofuata, "wa kanisa lililoko Kenkrea". Hakuna mwingine katika Agano Jipya anayeitwa "diakonos" wa kanisa la mji uliotajwa kwa jina. Hapo simama, kisha wapeleke 1 Timotheo 3:11, kwenye "wake zao": "zao" haimo katika Kiyunani, kuna "gynaikas" tu, ambayo ni wake au wanawake. Waulize ni wake wa nani, au ni mashemasi wa kike.

Ukishaandika upya sehemu ya Fibi ibandike hapa, nitaikagua namba kwa namba.