Kabla hujabeba biskuti kwenda wodi ya watoto

Siku yangu ya kwanza kujitolea kwenye wodi ya watoto wenye saratani, hapa Dar es Salaam, nilimharibia mtoto siku yake. Nilifika saa mbili asubuhi na mfuko wa biskuti, nikaanza kugawa kitanda hadi kitanda kama niko harusini. Mvulana mmoja wa miaka sita hivi, mama yake kaenda kuoga, alikula mbili upesi upesi na ya tatu akaificha chini ya mto. Sista akatokea. "Dada, huyu nani kampa biskuti?"

Kumbe hajala tangu usiku. Alikuwa anasubiri kuchomwa sindano ya mgongo, na mtoto hapewi dawa ya usingizi akiwa na chakula tumboni; akitapika, matapishi yanaweza kuingia kwenye mapafu. Akasogezwa hadi siku nyingine. Mama yake aliporudi hakunigombeza. Alinitazama tu, akaikunja upya khanga aliyokuwa ameshaitandika kwenye kiti cha magurudumu.

Basi, jambo la kwanza nalitoa kwenye aibu yangu mwenyewe: usimpe mtoto chochote cha kuingia mdomoni bila kumuuliza muuguzi wa zamu. Hata maji. Mikono nawa kwa sabuni kila unapotoka kitanda kimoja kwenda kingine, na ukiamka una mafua, piga simu useme leo siji. Dawa za saratani hushusha chembe nyeupe za damu, kwa hiyo mafua yako ya siku mbili yanaweza kumlaza mtoto kwa homa kali.

La pili watu hawalipendi: chagua siku moja ya wiki na uishike. Desemba wodi hujaa vikundi vyenye fulana za rangi moja, juisi, sabuni na kamera. Saa sita mchana wameshaondoka. Februari humwoni mtu, na kitanda kile kile kina mtoto yule yule. (Kuhusu kamera: afya ya mtoto ni siri yake. Mama anayepokea sabuni yako atakataaje picha? Iache simu kwenye mkoba.)

Kuchangia damu nako ni hivyo hivyo. Chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, zikipungua mwilini, watoto hawa hutoka damu puani na kwenye fizi, na chembe hizo hazihifadhiki zaidi ya siku 5 hivi. Iliyotolewa kwa shangwe Desemba haimfai mtoto wa Februari. Mwanamume anaweza kuchangia kila baada ya miezi 3, mwanamke kila baada ya miezi 4. Weka kwenye kalenda.

Nilidhani nakwenda kwa ajili ya watoto. Miezi miwili baadaye nikagundua kuwa muda wangu mwingi unakwenda kwa akina mama. Mama wa wodini analala kwenye mkeka au kiti, hawezi kwenda hata chooni bila kumwomba jirani amwangalizie mtoto. Ukimwambia, "Mama, nenda ukaoge, mimi nipo hapa, dripu ikikaribia kuisha nitamwita sista," umemsaidia kuliko katoni nzima ya juisi.

Na usikilize anachosema akirudi. Kuna saratani ya taya inayowapata sana watoto wa maeneo yenye malaria nyingi, wakiwemo wa kanda yetu ya ziwa. Inaitwa Burkitt, kwa jina la daktari mpasuaji Denis Burkitt aliyeieleza mwaka 1958 akiwa Uganda. Hukua kwa kasi ya kutisha, na ikikutana na dawa hunywea kwa kasi vilevile: uvimbe uliofunga jicho unaweza kupungua ndani ya siku chache. Hapo ndipo penye hatari. Mama anamwona mwanawe anacheka, anakumbuka wengine watatu aliowaacha kwa bibi yao na mahindi yaliyo shambani, anaanza kufunga mizigo. Dozi hazijaisha, na ugonjwa ukirudi huwa mgumu zaidi.

Mimi si daktari, wala wewe, kwa hiyo usimhutubie. Muulize tu, "Mama, nyumbani kuna nini?" Mara nyingi jibu ni nauli, au mume asiyepokea simu. Mwombe ruhusa, kisha mpelekee habari hiyo muuguzi au ofisi ya ustawi wa jamii siku hiyo hiyo. Usitoe hela mfukoni kwa siri. Ukimpa mmoja, wiki ijayo utawakwepa ishirini, na wataona.

Kitanda kikiwa kitupu, usiwaulize watoto mwenzao yuko wapi. Muulize sista, mkiwa pembeni. Siku utakayopata jibu baya, nenda nyumbani mapema, ila wiki inayofuata, siku yako ile ile, urudi.

Cha kubeba? Ubao wa drafti na vizibo 24 vya soda, 12 vya rangi moja na 12 vya nyingine, vilivyooshwa kwa sabuni na kufutwa kila mchezo unapoisha. Yule mvulana wa biskuti amenifunga mara tisa. Ya kumi tuliiacha katikati, madaktari walipoanza raundi, na amenikataza nisiguse vizibo vyake.