Kuswali barabarani Ufaransa: kosa liko wapi?
Umeuliza kama Ufaransa imepiga marufuku kuswali hadharani. Hapana. Sheria ya 1905 iliyotenganisha dini na dola inalinda uhuru wa ibada, tena kwenye kifungu cha 1 kabisa. Mpaka wake ni utulivu wa umma. Kinacholeta kesi ni kuziba njia. Ndiyo maana Septemba 2011 safu za Ijumaa za mtaa wa rue Myrha, Paris, zilizofurika nje kwa ufinyu wa misikiti, zilihamishiwa kambi ya zamani ya zimamoto. Mkikusanyika nje, pelekeni taarifa manispaa, au kwa mwakilishi wa serikali kuu wa eneo palipo na polisi wa taifa (Paris ni kwa mkuu wa polisi), angalau siku 3 kamili kabla, mkitaja mahali na saa. Ruzuku ya ibada msiitarajie, kifungu cha 2 kimeifuta.