Maswali yenu: Sauti ni ya mwanao, namba ni ya nani?

Mengi mliyoniletea safari hii yanahusu akili mnemba (AI), ile ambayo ndugu zetu wa Kenya wanaiita akili unde. Nimechagua matano.

*Usiku nilipigiwa na mwanangu aliyeko chuoni. Alikuwa akilia, kapata ajali, nitume laki tatu kwa namba ya mwenzake. Nikatuma. Asubuhi kumbe alikuwa amelala zake bwenini. Nitaitambuaje sauti ya kweli? — Mama, Tanga*

Pole sana, mama. Usijilaumu, sikio la mzazi halikuumbwa kumshuku mwanawe. Ile meseji ya matapeli, "hela tuma kwenye namba hii", tulishaizoea. Sasa imepata sauti, na kipande kifupi tu cha mtu akiongea kwenye status kinaitosha akili mnemba kuiga sauti yake.

Lakini usijifunze kusikiliza kwa makini zaidi, maana hapo utashindwa tena. Mwaka 2024 mfanyakazi wa idara ya fedha ya kampuni ya uhandisi ya Arup, huko Hong Kong, aliingia kwenye mkutano wa video. Akamwona bosi wake na wenzake, akawasikia, akahamisha kiasi cha dola milioni 25 za Marekani. Wote aliowaona walikuwa wa kubuni, wametengenezwa kwa akili mnemba. Huyo ni mtu ambaye kazi yake ni kulinda pesa.

Kata simu, kisha piga wewe namba ya mwanao uliyonayo siku zote. Isipopatikana, mtafute anayelala naye chumba kimoja. Na mkubaliane swali la nyumbani ambalo halijawahi kuandikwa popote: mbuzi wa bibi aliitwaje? Ukishatuma kwa bahati mbaya, pigia mtandao wako wa simu dakika ileile, kabla pesa haijatolewa kwa wakala.

*Mwalimu kanipa sifuri kwa sababu vitabu vitatu nilivyovitaja havipo duniani. Mashine ya akili mnemba ilinipa mwandishi, mwaka, hata kurasa. Kwa nini ilinidanganya? — Mwanafunzi, Eldoret*

Mwongo huujua ukweli anaouficha. Mashine hii haiufichi wala haiujui. Inapanga maneno yanayoelekea kufuatana. Imesoma marejeo mengi mno, kwa hiyo inajua rejeo linavyofanana: jina, mwaka, ukurasa. Inakutungia linalofanana.

Mwaka 2023 mawakili wa New York walitaja mahakamani kesi zisizokuwapo, zilizotungwa na ChatGPT, mashine ya aina hiyohiyo, wakatozwa faini ya dola 5,000. Kilichonichekesha ni kwamba mmoja wao aliiuliza ChatGPT yenyewe kama kesi hizo ni za kweli. Ikamjibu ndiyo. Shahidi yuleyule!

Mwalimu wako hakukuonea.

*Ili kujua kama picha imetengenezwa na akili mnemba, mimi huhesabu vidole vya watu. Bado inafaa? — Fundi, Mombasa*

Imepitwa na wakati. Picha ya akili mnemba ya Papa Francis kavaa koti jeupe la baridi lililotuna, Machi 2023, mkono wake ulikuwa na kasoro, na bado ilidanganya wengi. Siku hizi vidole vinatimia. Uliza picha imetoka wapi: ipitishe kwenye Google Lens, inayotafuta mtandaoni kwa kutumia picha, uone ilionekana wapi kwanza. Mara nyingi utakuta hakuna akili mnemba yoyote, ni mafuriko ya kweli ya nchi nyingine, ya miaka mitano nyuma.

*Basi bora nisiamini chochote? — Msomaji, Bujumbura*

Hapana, na hili ndilo linalonitisha kuliko hizo picha. Oktoba 2018 Rais Ali Bongo wa Gabon aliugua akiwa Riyadh. Wiki zikapita bila taarifa ya kueleweka. Baadaye ndipo ikajulikana ni kiharusi. Mwaka mpya ikatolewa video yake akihutubia taifa, uso umekakamaa, macho hayapepesi sawasawa. Watu wakasema hiyo imetengenezwa, rais amekufa. Tarehe 7 Januari 2019 wanajeshi wakavamia redio ya taifa mjini Libreville kutaka kupindua serikali. Wakashindwa siku hiyohiyo. Wataalamu walioichunguza video hawakupata ushahidi kwamba ilighushiwa. Bongo alikuwa hai, mgonjwa tu.

Naona kosa la kwanza ni la ikulu iliyonyamaza, kwani penye ukimya uvumi hupata kiti. Lakini fikiria pia kiongozi aliyerekodiwa kweli akipokea rushwa. Mkishazoea kusema "hizo ni akili mnemba", mmeshamwandikia utetezi wake. Kwa hiyo usikatae kwa haraka ileile unayokubali nayo. Sema "sijajua bado", usiisambaze, ungoje chombo chenye jina na anwani, au wachunguzi wa habari kama Africa Check, PesaCheck na JamiiCheck.

*Mjomba ndiye anayejaza uzushi kwenye grupu la ukoo. Mimi ni mdogo kuliko wote. Nifanyeje? — Mpwa, Morogoro*

Usimsahihishe mbele ya wajukuu zake. Mfuate inboksi, shikamoo kwanza, kisha: "Mjomba, hii umeipata kwa nani? Nataka nimuulize zaidi." Mengine mwachie. Wa kwangu alikaa siku mbili, akaifuta mwenyewe, akasema simu ilimponyoka.