Vidole vinakufa ganzi nikifyatua bastola

Kaka, pole sana. Umesema ukimaliza risasi 50 za milimita 9, kidole gumba, cha shahada na cha kati vinakufa ganzi, na daktari ameshathibitisha neva imebanwa kwenye kifundo cha mkono. Mimi ningeiweka kando hiyo 9 kwa sasa, nikatumia bastola ya chuma ya .22 (risasi zake ni ndogo zaidi): uzito wake na risasi hafifu hufanya teke, yaani msukumo wa bastola kurudi nyuma, liwe dogo mno. Kifundo kiwe kimenyooka, mpini usiubane kupita kiasi. Usiku vaa bandeji ngumu ya kifundo, maana usingizini huwa tunakikunja. Ganzi ikianza uwanjani, ondoa risasi ndani ya bastola, weka silaha chini papo hapo. Kidole kisichohisi kifyatulio kinahatarisha hata wenzako. Nyama ya gumba ikianza kunywea, rudi kwa daktari haraka.