Sinza imetajirika, mbona sisi tuko palepale?

SWALI: Shikamoo anko. Mi nimezaliwa Sinza hapa Dar es Salaam, mzee alipata kiwanja miaka ya 70 akiwa mfanyakazi wa kawaida tu, akajenga pole pole. Siku hizi majirani wa zamani ni wa kuhesabu, kote ghorofa, lodge, baa na frem za maduka. Watu wananiambia nyie wa Sinza mna hela, wakati mimi na mama tunategemea kodi ya frem moja. Mzee ameshafariki na ndugu zangu wanataka tuuze tugawane. Hizo hela za Sinza ziko kwa nani? Na tuuze?
Msomaji, Sinza

JIBU: Marahaba, na pole kwa kufiwa na mzee.

Wanaokwambia hivyo wanachanganya mtaa na watu wake. Mtaa unaweza kupanda kipato bila mwenyeji hata mmoja kuongeza shilingi. Chukua kiwanja kimoja tu cha mirathi, alikuwepo mjane wa pensheni na wapangaji wa vyumba vya uani, mmoja anakaanga chipsi mwingine fundi cherehani, kikauzwa, aliyenunua akapandisha ghorofa, wakaingia wafanyakazi wa benki na wa kampuni za simu. Hapo wastani wa kipato umeruka, ila muuza chipsi yuko Kinyerezi anahangaika na nauli na mjane kahamia kwa binti yake Chanika. Wanaohesabiwa ni waliopo, walioondoka hawaonekani popote.

Na kwa nini Sinza? Huu ndio uhondo wenyewe. Sinza, Kijitonyama na Mikocheni zilipimwa viwanja kwenye mradi wa serikali na Benki ya Dunia ulioanza 1974, barabara na mabomba vikatangulia ndipo watu wakajenga. Walengwa walikuwa watu wa kipato cha chini kama mzee wenu. Manzese nayo ilikuwa kwenye mradi huohuo, ila kule nyumba zilikuwa zimeshajaa, ikabidi huduma zipenyezwe katikati ya nyumba za watu. Leo tembea toka Manzese uingie Sinza utaona mwenyewe, na kuna utafiti wa wachumi uliochapishwa 2021 unasema hivyohivyo, maeneo yaliyopimwa mapema yana nyumba bora zaidi mpaka leo, na sehemu ya sababu ni kwamba yamevuta watu wenye elimu kubwa. Yaani kiwanja chenye mpaka unaoeleweka na barabara mlangoni kilikuja kuwa chambo cha wenye nazo. (Manzese watu wanaicheka, lakini ndiko kijana anayeanza maisha anapata chumba karibu na mjini.)

Alafu ongeza Chuo Kikuu pale jirani, maduka ya Mlimani City, mabasi ya mwendokasi tangu 2016, na jiji lenyewe limetoka watu milioni 2.5 sensa ya 2002 mpaka milioni 5.4 ile ya 2022, viwanja vya Sinza ni vilevile, havijaongezeka hata kimoja. Kwa hiyo hela ziko kwenye ardhi, na mwenye ardhi asiyeuza wala kujenga anakuwa tajiri wa karatasi. Ndio nyie hapo.

Kuuza sio dhambi, ila pigeni hesabu ya mgao wa kila mmoja baada ya dalali na kodi za serikali, alafu muulize mgao huo unanunua nini na wapi, mara nyingi jibu ni kiwanja cha mbali sana, na mama mnampeleka wapi? Njia nyingine ni ubia na mjenzi mwenye mtaji, maana sheria ya 2008 inaruhusu kumiliki sehemu ya jengo kwa hati yake, kila ndugu akabaki na nyumba yake hapohapo Sinza. Mikataba ya ubia ina mitego mingi, msisaini bila wakili wenu, sio wa mjenzi.

Kabla ya yote hayo nendeni mahakamani mkaombe msimamizi wa mirathi ateuliwe, bila huyo hamuuzi wala hamjengi kihalali. Na kodi ya frem ipitie kwake na iandikwe, isiwe inaishia mfukoni kwa kaka mkubwa.